Uzi wa open() kwenye Python: kwanini faili lako linafutika kabla hujaandika hata herufi moja

Mizani_ya_Kiwira (mleta uzi)

Wakuu kamwene, na ndugu zangu wa Rungwe na Kyela ugonile. Naleta huu uzi maana kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya vijana wanaojifunza lugha ya programu ya Python hapa Mbeya swali ni lile lile linarudi, mtu ana skripti yake ya kurekodi kilo za parachichi au mauzo ya duka pale Mwanjelwa, mchana kutwa inapiga kazi safi, kesho asubuhi akiiwasha tena ya jana yote hayapo, yamebaki ya leo tu. Hapo ndo anaanza kulaumu laptopu, mwingine anasema kirusi. Kirusi gani bana, ni herufi moja umeweka pale kwenye open, ile amri ya kufungua faili, w.

Wengi tumefundishwa r kusoma, w kuandika, a kuongeza, tukaishia hapo. Sio uongo ila inakufanya uchague kwa kufikiria wewe unataka kufanya nini. Mi nasema geuza swali: kama faili lipo tayari na lina vitu ndani, unataka litokewe na nini? Ukishajibu hilo herufi inajichagua yenyewe. Unataka liachwe lilivyo usome tu, na kama halipo skripti igome na FileNotFoundError, hiyo r, na ndo unayopewa usipoandika modi (ndo hiyo herufi) yoyote. Unataka la zamani liachwe na kipya kiende mwishoni, a. Unataka la zamani lifyekwe lote libaki baiti sifuri, w. Na kuna ya nne ambayo kozi nyingi hazifiki, x, hiyo inasema kama lipo tayari usiguse kitu, gomea na FileExistsError, kama halipo liunde. Imeingia kuanzia Python 3.3 kwa hiyo mashine yako unayo.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye mzizi. w haifyeki unapoandika, inafyeka unapofungua. Yaani ile sekunde open imekubali faili limeshakuwa tupu hata kama hujaita write. Ndo maana mtu anaandika hivi

    with open('bei.csv') as a, open('bei.csv', 'w') as b:
        for mstari in a:
            b.write(mstari.replace('debe', 'kilo'))

akitegemea atasoma huku na kuandika kule, anapata faili tupu na hakuna kosa lolote limetokea kwenye skrini. Ya kwanza imefunguka vizuri, ya pili imefyeka, loop inaenda kusoma inakuta hakuna mstari hata mmoja, imemaliza kazi kwa amani kabisa. Na kinyume chake kuna watu wanaogopa kuita write mara nyingi wakidhani kila moja inafuta ya nyuma yake, hapana, ukishafungua mara moja andika hata mara elfu zote zitapangana. Shida inakuja ukiweka open yenyewe ndani ya loop, hapo kila mzunguko unafyeka upya na mwisho unabaki na mkulima wa mwisho peke yake.

Nawasilisha, kama kuna swali tupa hapo chini.

Binti_wa_Isyonje

Kaka asante kwa uzi. Mi nimesikia kuna r+ inasoma na kuandika bila kufuta, sasa si bora nitumie hiyo kila sehemu niachane na haya mengine? Nina faili dogo linaweka kilo za viazi zilizobaki stoo, namba moja tu, nasoma napunguza nairudisha.

Mizani_ya_Kiwira

Dada hapo kwenye viazi umenipa mfano mtamu kuliko niliokuwa nao. r+ kweli haifyeki, lakini pia haisukumi vitu pembeni, inaandika juu ya vilivyopo herufi kwa herufi kuanzia mshale ulipo, yaani pale Python ilipofikia ndani ya faili. Sema stoo ina 1250, umeuza 270 zimebaki 980. Unarudi mwanzo kwa seek(0) unaandika 980. Ndani ya faili kulikuwa na herufi nne wewe umefunika tatu, ile sifuri ya mwisho bado ipo. Kesho ukisoma stoo yako ina kilo 9800. Utauza viazi ambavyo havijalimwa.

Dawa yake ukimaliza kuandika ita f.truncate(), inakata kila kilichobaki mbele ya mshale. Lakini kwa faili la namba moja mi hata nisingehangaika na r+, soma kwa r, funga, kokotoa, halafu andika upya kwa njia nitakayoeleza mbele kidogo. r+ ina kazi zake, kubadilisha baiti chache katikati ya faili kubwa lenye rekodi za urefu ule ule, huko ndo kwake. Pia kumbuka r+ inataka faili liwepo tayari, halipo inagoma.

Kyela_Mpunga

na w+ na a+ je mkuu maana nimechanganyikiwa kabisa hizi jumlisha

Mizani_ya_Kiwira

Jumlisha inaongeza tu ruhusa ya upande wa pili, tabia ya herufi kuhusu faili la zamani haibadiliki. Kwa hiyo w+ unaweza kusoma na kuandika LAKINI bado inafyeka, na watu wanaangukia hapo wakiona neno kusoma wanadhani ya zamani yatasalimika. a+ haifyeki, ila mshale unaanzia mwishoni kwa hiyo ukiita read moja kwa moja unapata hewa, mpaka useme seek(0) kwanza. Na hata ukirudi mwanzo ukasoma, siku ukiita write maneno yataenda mwishoni tu, ndo asili ya a.

Ukichanganya mbili kama 'rw' hiyo haipo, Python itakutupia ValueError. Hiyo naiona sana kwa waliotoka lugha zingine.

Mzee_wa_Mafinga

Vijana nimefurahi. Sisi tulianza na lugha ya C na hizi herufi zote zimetoka huko kwenye fopen, amri ya C ya kufungua faili, Python imerithi. Na chini ya fopen kwenye Linux kuna bendera zenyewe, yaani maelekezo madogo kwa mfumo endeshi, O_RDONLY, O_WRONLY, O_CREAT, O_TRUNC, O_APPEND, O_EXCL. Ukiandika w mfumo unasikia andika, unda kama halipo, na fyeka. Ukiandika a inasikia andika, unda, na kila write iende mwisho. Ukiziona hivyo unaelewa kwanini mleta uzi anasema ni suala la faili la zamani, maana bendera nyingi humo ndani zinaongelea hilo hilo. Kwenye C hiyo x imeingia rasmi na C11, kabla ya hapo tulikuwa tunashuka wenyewe mpaka kwenye open na O_EXCL.

Waliokwenda kwenye lugha ya Go wanaandika bendera zenyewe waziwazi, os.OpenFile na os.O_APPEND|os.O_CREATE|os.O_WRONLY, ndefu lakini hakuna anayefuta kitu bila kujua. Ila na huko os.Create inafyeka kimya kimya kama w, msidanganyike na jina. Java nako Files.write usipoipa maelekezo inaunda au inafyeka. Rust ndo wamepanga vizuri kuliko wote kwa maoni yangu, unataja kila ruhusa kwa jina lake na create_new ipo peke yake.

Mizani_ya_Kiwira

Shikamoo mzee, nilikuwa nasubiri mtu wa C ajitokeze.

Umenikumbusha x niieleze vizuri. Vijana wengi wanafanya hivi, wanaangalia kwanza os.path.exists, kama halipo wanafungua kwa w. Inaonekana ina akili lakini kati ya kuangalia na kufungua kuna upenyo, mwenzako kwenye mashine nyingine au hata skripti ile ile imewashwa mara mbili inaweza kuingia hapo katikati, wote wawili wameambiwa halipo, wote wanafungua kwa w, wa pili anamfyeka wa kwanza. x inafanya kuangalia na kuunda kwa pigo moja ndani ya mfumo endeshi, mmoja anapata mwingine anagomewa. Ripoti ya siku, risiti, bakapu yenye tarehe kwenye jina, kitu chochote kinachotakiwa kuzaliwa mara moja tu, weka x. Ikigoma ushukuru.

Seva_ya_Uyole

Kwa upande wa PHP nichangie, huku kuna moja Python haina, c. Inafungua kuandika, inaunda kama halipo, haifyeki, mshale mwanzoni. Watu wanaipuuza lakini ukiwa na faili la namba ya risiti ambalo watu wawili wanaweza kuligusa pamoja ndo yenyewe. Unafungua kwa c+, unaomba flock na LOCK_EX, ukipata kufuli unasoma namba, unaongeza moja, ftruncate, rewind, unaandika, unaachia. Ukitumia w hapo umeshafyeka faili KABLA hujapata kufuli, aliyekuwa anasoma anakuta tupu, namba inarudi kuanza moja.

Mizani_ya_Kiwira

Hii safi sana mkuu. Kwa wa Python mkitaka tabia hiyo hiyo shukeni kidogo, fd = os.open('namba.txt', os.O_RDWR | os.O_CREAT) halafu f = os.fdopen(fd, 'r+'). Hapo hujaweka O_TRUNC kwa hiyo hakuna kinachofyekwa.

Dogo_wa_Chuo_Iringa

Mimi shida yangu nyingine wakuu. Nina faili la majina ya mifugo na magonjwa kwa ajili ya mradi wa chuo, kwenye laptopu yangu ya Linux linasoma poa, nikimpa rafiki yangu mwenye Windows ng'ombe inatokea ng’ombe. Modi nimeweka r sawa kabisa. Tatizo nini

Mizani_ya_Kiwira

Dogo hapo modi haihusiki, ni chaguo lingine la open linaitwa encoding, yaani jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, na kwa sisi waandishi wa Kiswahili hili ni jipu lililojificha. Kiswahili chetu hakina alama juu ya herufi kama Kifaransa, karibu kila kitu tunachoandika kiko ndani ya ASCII, ile orodha ya zamani ya herufi za Kiingereza, kwa hiyo mtu anaweza akafanya kazi mwaka mzima bila kutaja encoding na mambo yakaenda. Mpaka aje ng'ombe. Ukiandika kwenye Word au baadhi ya simu ile alama inageuzwa kuwa ya kupinda, na hiyo sio ASCII tena, kwenye UTF-8, enkodingi inayobeba herufi za lugha zote, inachukua baiti tatu, E2 80 99. Linux inasoma kwa UTF-8 inaiona alama moja. Windows nyingi Python usipoiambia kitu inatumia enkodingi ya mashine, mara nyingi cp1252, inazisoma zile baiti tatu kama herufi tatu, ndo hizo ’ unazoziona.

Kinyume chake pia kipo, faili limeandikwa Windows kwa cp1252 ukilileta Linux unakutana na UnicodeDecodeError inalalamikia baiti 0x92. Ukiona 0x92 jua ni ile ile alama ya kupinda tu imekuja kwa mlango mwingine.

Andika hivi kila siku, kusoma na kuandika:

    open('mifugo.csv', 'r', encoding='utf-8')

Kuna mpango kuanzia Python 3.15 UTF-8 iwe ndo inayotumika yenyewe kila mahali, lakini mashine za maofisini na mashuleni zitakaa na matoleo ya zamani kwa muda mrefu tu kwa hiyo msisubiri. Na kama faili litafunguliwa na Excel, andika kwa utf-8-sig, inaweka alama mwanzoni ambayo Excel inaitambua. Msitumie errors='ignore' ili kuua kelele, hiyo inameza herufi kimya kimya, ng'ombe anakuwa ngombe na hutajua.

Binti_wa_Isyonje

😂😂 ngombe. Kaka na mistari mitupu je? CSV yangu kila baada ya mstari mmoja kuna mtupu, kwenye Windows.

Seva_ya_Uyole

newline='' dada. Moduli ya csv yenyewe inaweka mwisho wa mstari wake wa \r\n, halafu open kwenye Windows ikiona \n inaigeuza tena kuwa \r\n, unapata \r mbili, Excel inachora mstari mtupu. Ukiweka newline='' unaiambia open tulia usiguse. Ni kwenye nyaraka za csv wameandika wazi kabisa, ila nani anasoma nyaraka.

Kyela_Mpunga

mi nilikua natumia b kuondoa hilo tatizo, 'wb', sahivi inagoma

Mzee_wa_Mafinga

Hiyo ilikuwa Python 2 kijana. Kwenye 3 ukisema b unapewa baiti tupu na csv inataka maandishi. b iweke kwa picha, PDF, sauti, kitu chochote ambacho sio maandishi. Ukifungua JPEG bila b kwa UTF-8 inafia kwenye baiti ya kwanza kabisa, 0xff, maana kila JPEG inaanza na FF D8. Kwenye C ya Linux b haina kazi yoyote, ila kwenye C ya Windows ukiisahau baiti 0x1A inahesabiwa mwisho wa faili, urithi wa enzi za DOS, picha inasomwa robo. Python 3 hilo haina.

Mwanakijiji_Tukuyu

Swali langu ni umeme. Huku mvua ikianza tu mambo yanazima, na kompyuta ya chama ni ya mezani haina betri. Tunafungua kwa w tunaandika orodha nzima ya wakulima upya kila jioni. Umeme ukikatika katikati tunabaki na nini?

Mizani_ya_Kiwira

Mnabaki na nusu, au sifuri. Kumbuka w imefyeka mwanzoni, halafu unachoandika hakiendi kwenye diski palepale, kinakaa kwenye bafa (sehemu ya muda kwenye kumbukumbu) kwanza mpaka ijae au faili lifungwe, na hata kikitoka kwenye bafa ya Python bado mfumo endeshi nao unaweza kukishikilia. Kwa hiyo orodha ya zamani imeshakufa na mpya bado iko hewani. Hii ndo njia niliyosema nitaeleza, kwa faili lolote unaloliandika upya lote:

    with open('wakulima.tmp', 'w', encoding='utf-8', newline='') as f:
        andika_orodha(f)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace('wakulima.tmp', 'wakulima.csv')

Unafyeka faili la muda, la kweli hujaligusa. flush inatoa vitu kwenye bafa, fsync inausukuma mfumo mpaka diski, halafu os.replace inabadilisha jina. Umeme ukikatika kabla ya mstari wa mwisho bado una orodha ya jana nzima. Faili la muda liweke folda ile ile, ukiliweka flashi na la kweli liko diski kubadilisha jina kunagoma. Na hiyo with muiheshimu, inafunga faili hata kama katikati kumetokea kosa.

Kwa rekodi za mizani zinazoingia moja moja tumia a na flush baada ya kila mkulima. Kwa kilo za wanachama mi ningeweka fsync pia, inachelewesha kidogo lakini foleni ya parachichi haisogei haraka kuliko diski.

Dogo_wa_Chuo_Iringa

Mi nahifadhi data kwa muundo wa JSON na 'a' sasa json.load inasema Extra data

Seva_ya_Uyole

JSON haiongezwi mkia dogo. Umeandika [ ] moja, ukaongeza [ ] nyingine nyuma yake, hiyo sio JSON moja tena. Ama soma yote, ongeza kwenye listi, andika upya kwa mtindo wa os.replace hapo juu, ama weka rekodi moja kila mstari, kila mstari ni JSON inayojitegemea, hapo a inafaa na unasoma mstari kwa mstari.

Mtaalamu_Njombe

Jamani mnahangaika, wekeni SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, yaishe. Imo ndani ya Python tangu 2.5, umeme, watu wawili, kila kitu imeshughulikia. SQLite wenyewe wanasema hawashindani na hifadhidata kubwa, wanashindana na fopen.

Mizani_ya_Kiwira

Mkuu sipingi na kwa chama chenye wanachama wengi ningemshauri mwanakijiji wa Tukuyu ahamie huko. Lakini karani anataka CSV afungue Excel amtumie mhasibu, na siku utakapotoa hiyo CSV kutoka SQLite utaita open na utaweka herufi moja. Tumerudi pale pale.

Mwanakijiji_Tukuyu

Ndaga fijo mkuu, nimeijaribu hapa imekubali. Ila sasa os.replace imegoma inasema PermissionError na jana nilikuwa nafungua bila shida

Mizani_ya_Kiwira

Windows? Hiyo CSV iko wazi kwenye Excel sasa hivi?

Mwanakijiji_Tukuyu

ndio karani ameiacha wazi kaenda kula

Mizani_ya_Kiwira

Basi Excel imeishikilia, Windows hairuhusu kubadilisha faili ambalo programu nyingine imelikamata. Shika hiyo PermissionError kwa try, mwonyeshe karani ujumbe afunge Excel, usilifute faili la .tmp, akifunga ujaribu replace tena. Na uwe unamtolea nakala yenye tarehe kwenye jina kwa modi ya x, hiyo aifungue anavyotaka, ile ya kwenu asiiguse.